Kovu la Kuazima

Saa kumi na moja alfajiri, Nianjema, Bagamoyo, umeme umekatika,
nayeyusha jelatini juu ya jiko la mkaa
kama mama ntilie anayewahi wateja.
Glisirini vijiko viwili, rangi ya tofali kidogo,
ya hina kidogo zaidi.
Nakoroga polepole. Povu likiingia
ngozi itatoka na matundu kama andazi.

Zamda ana miaka ishirini na mmoja,
shavu lake halijaonja hata chunusi.
Filamu inataka mwanamke aliyeungua.
Mwongozaji alinipa picha za hospitali,
nikazitazama, nikazirudisha kwenye bahasha.
Ngozi isiyo na jina hainifundishi kitu.

Nikaenda kwa Bi Sikudhani, muuza vitumbua.
Jiko la mafuta ya taa lilimlipukia
mwaka ule wa mvua nyingi,
likamwandika toka sikioni hadi mfupa wa bega.
Nilizunguka mbuyu kama mposaji mwoga:
hali ya wajukuu, bei ya mchele, ile miguu inaendeleaje.
Akanikatiza: "Sema, fundi.
Unaniangalia shingo tangu ulipokaa."

Nikasema.
Akageuza kitumbua kwa kijiti, akakiacha kiive.
"Kovu hili nililinunua ghali.
Ukilitaka, lipa. Na chai juu yako."

Tukampaka vaselini, tukafunga nywele,
tukamfunika plasta upande ule mmoja.
Dakika kumi zikapita. Plasta ikaanza kupata joto,
nikaona mkono wake umeshika kanga,
umeshika,
umeshika,
ndipo nikakumbuka, nimeshachelewa,
kwamba plasta ikiganda hufuka moto wake yenyewe.
"Nikutoe?"
"Maliza kazi yako.
Moto naujua. Huu si moto."

Kilichobaki ndani ya kalibu:
vijito, vilima, kisiwa kimoja laini nyuma ya sikio
ambacho mwenyewe hakuwahi kukiona.
Akakipitia kwa kidole chenye unga wa mchele.
"Kumbe huku nyuma ndiko kuko hivi."

Siku ya kupiga picha alikuja na beseni lake,
akamkuta Zamda amekaa chini ya taa
amevaa shingo yake.
Sikujua nitazame wapi.
Nikashika brashi, nikapaka poda pasipohitaji poda.

Kamera ikaanza. Zamda akainua kidevu,
akaligeuzia kovu mwanga,
kama bibi harusi anayeonyesha kidani.
"Siyo hivyo," akasema Bi Sikudhani,
wala hakuomba ruhusa kwa mtu.
"Mwaka wa kwanza unaligeuzia ukuta.
Ukienda sokoni unachagua upande wa barabara.
Mtoto akilia, unamrudishia mama yake,
unajifanya ulikuwa unaondoka."
Mwongozaji akafungua mdomo, akaufunga.
Wakarudia.
Mara hii Zamda alitembea ameuegemea ukuta
na hakuna aliyekohoa.

Saa saba jua likala jelatini.
Kingo zikafumuka, kovu likateleza
taratibu kuelekea kolani,
nami nikalikimbilia na gundi, na pamba, na matusi ya chinichini.
Basi, tukavunja kazi.
Maji ya vuguvugu, kitambaa, dakika sita:
Zamda akarudishiwa shavu lake, likang'aa
kama halikuwahi kwenda popote.

Bi Sikudhani alitazama vipande ndani ya bakuli.
"Linatoka kwa maji tu?"
"Ya vuguvugu, bibi."
Akanyamaza kwa muda wa kuhesabu pesa,
akazihesabu tena.
"Basi lako halijui mvua. Langu huwasha
kabla wingu halijafika Kaole."

Mwisho wa filamu majina yalipanda kwenye kioo,
lake wameliandika Sikuzani. Hakujali.
Alichotaka ni kalibu, nami nikampa.
Iko jikoni kwake, imelala chali kando ya kinu,
shingo yake iliyo wazi kama bakuli.
Anatilia chumvi.
Anasema haishiki unyevu.